Kuitambua Cyperus difformis, ndago ndogo ya mwaka mmoja, na mahali inapoota

Katika majaruba ya mpunga ya Kilombero, Usangu, Mwea na Ahero huota ndago ndogo laini, yenye vichwa vya mviringo vya rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, ambayo wapaliliaji wengi huing'oa pamoja na kila kitu chembamba cha kijani bila kuitazama mara ya pili. Jina lake la kisayansi ni Cyperus difformis, alilopewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1756. Haikuletwa na mtu huku kwetu: ni mmea wa asili wa maeneo yenye joto ya Afrika na Asia, unaofika hadi kusini mwa Ulaya, ilhali Amerika ulifika ukiwa mgeni na sasa unasumbua mashamba ya mpunga ya huko pia. Iko katika jenasi moja na mafunjo, lakini wakati mafunjo ya Ziwa Victoria humzidi mtu kimo mara mbili na zaidi, ndago hii kwa kawaida haifiki kiunoni, na ikiota mahali pakavu kidogo inaweza kutoa mbegu ikiwa na urefu wa kiganja tu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya bwana shamba, mwanafunzi wa botania, mkulima wa mpunga na yeyote anayetaka kutaja mmea huu kwa uhakika badala ya kubahatisha. Utaratibu unaofuatwa hapa huanzia mizizini na kupanda juu, kichwa kikitazamwa mwisho. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu kichwa ndicho kinachovutia macho, na hapo ndipo makosa huanza, maana ndago za aina nyingi huwa na vichwa vinavyofanana kwa umbali wa hatua mbili, ilhali mizizi yao haifanani hata kidogo. Isitoshe, mizizi ndiyo inayoamua mkulima afanye nini baada ya kuutambua mmea.

Wakati wa kwenda na vitu vya kubeba

Ndago haitambuliki kwa uhakika kabla ya kutoa maua, na ni bora zaidi ikiwa imeanza kukomaza mbegu. Katika jaruba lililopandikizwa, muda mzuri ni kati ya wiki ya tano na ya nane baada ya kupandikiza, palizi ya mwisho ikiwa imepita au imerukwa. Panapotegemewa mvua, nenda mvua zinapoanza kupungua na maji kurudi nyuma, kwa kuwa tope linaloachwa wazi ndilo linaloonyesha mimea mingi ya aina hii kwa pamoja. Katika mashamba ya kumwagilia kama Mwea, kalenda hufuata zamu za maji kuliko majira ya mvua, kwa hiyo muulize mwenye shamba alipandikiza lini badala ya kutazama mwezi.

Beba lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula yenye alama za milimita, kisu au kijiko kirefu cha kuchimbia, mifuko ya plastiki, daftari na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu, kwa sababu wino huyeyuka karatasi inapolowa. Vaa mabuti ya mpira, na usisimame ndani ya maji ukiwa na miguu mitupu hata kama wapandikizaji wenyewe wanafanya hivyo, kwa kuwa kichocho kimo katika skimu nyingi za mpunga za Afrika Mashariki. Ulizia pia kama jaruba limepuliziwa dawa siku za karibuni. Hili ni la afya yako, na pia ni la utambuzi wenyewe: ndago iliyopigwa dawa hupinda, hugeuka rangi na kudumaa, na maelezo yoyote utakayosoma, pamoja na haya, hayatalingana nayo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni ndago

Kata shina karibu na chini, ulizungushe polepole kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Shina la Cyperus difformis lina pembe tatu zilizo wazi, nawe utazihisi zikipita moja baada ya nyingine. Shina la mpunga na la nyasi nyingi ni duara, lina vifundo, na huwa na uwazi kati ya kifundo kimoja na kingine. Ndago haina vifundo kuanzia juu ya majani hadi chini ya maua. Ni shina moja lililonyooka, lililojaa nyama laini ndani.

Kisha tazama mpangilio wa majani kutokea juu, kana kwamba unachungulia ndani ya mmea. Majani ya nyasi hupangika kwa safu mbili zinazotazamana, na ya ndago kwa safu tatu. Ala ya jani la nyasi, ile sehemu inayolikumbatia shina, kwa kawaida imepasuka upande mmoja, ilhali ala ya ndago imefungwa kama bomba. Kwa mpunga mchanga kuna ushahidi wa ziada: mahali ala inapokutana na ubapa wa jani pana kilimi cheupe chembamba na vijisikio viwili vyenye nywele, vitu ambavyo ndago haina. Nyasi za jenasi Echinochloa, ambazo ndizo zinazowapoteza wapaliliaji zaidi, kwa kawaida hazina kilimi wala vijisikio, lakini shina lao ni duara na lenye vifundo, na hilo linatosha kuzitenga na ndago.

Hatua ya pili: chimba

Usivute. Ukivuta, viazi vya chini ya udongo hukatika na kubaki, nawe utaondoka ukiamini kwamba mmea haukuwa navyo. Zungusha kisu umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina, inua bonge zima la tope, kisha ulisuuze taratibu katika maji ya mfereji mpaka mizizi ionekane yote.

Cyperus difformis ina mizizi ya nyuzinyuzi tu, mingi na myembamba, yenye rangi inayoelekea wekundu, iliyokusanyika chini ya kichaka kidogo cha mashina. Haina kiazi. Haina shina linalotambaa chini ya udongo kuunganisha mmea mmoja na mwingine. Kila kichaka kimeota kutokana na mbegu yake na kitakufa baada ya kuzaa.

Ukikuta uzi mgumu, mweupe au wa kahawia, unaotoka kwenye kitako cha mmea na kuelekea upande, au ukikuta kiazi kidogo cheusi au cha kahawia chenye ukubwa wa punje ya hindi au zaidi, acha hapo. Umepata ndago ya kudumu, aghalabu Cyperus rotundus au Cyperus esculentus, na hatua zinazofuata hazikuhusu. Tofauti hii ndiyo yenye gharama kubwa shambani. Ndago ya mwaka mmoja ikikatwa kwa jembe kabla ya kukomaza mbegu, kazi imekwisha. Ndago yenye viazi ikikatwa kwa jembe lilelile, viazi hutawanyika na baada ya majuma machache eneo lililokuwa na vichaka kumi huwa na vingi kuliko awali. Mahali pa kuota pia husaidia hapa: ndago zenye viazi hupenda zaidi kingo za majaruba na sehemu zisizotuamisha maji, wakati Cyperus difformis imo ndani, kwenye tope lenyewe. Lakini usiruhusu mahali pakuamulie. Chimba kwanza.

Hatua ya tatu: shina na majani

Pima urefu kuanzia usawa wa udongo hadi chini ya kichwa. Mimea mingi huwa kati ya sentimita 10 na 70. Shina ni laini kiasi kwamba ukilibana kwa vidole hulala bapa, na kingo za pembe zake ni kali kidogo lakini hazikwaruzi. Majani ni machache, kwa kawaida mawili au matatu kwa kila shina, yote yakitokea karibu na kitako. Upana wake ni milimita 2 hadi 6, na mara nyingi ni mafupi kuliko shina au yanalingana nalo. Ala za chini huwa na rangi ya kahawia au nyekundu iliyofifia. Mmea mzima ni mlaini na wa kijani angavu, bila ule ugumu unaousikia mkononi unaposhika ndago za kudumu.

Hatua ya nne: majani ya chini ya kichwa, kisha kichwa

Mahali shina linapoishia hutokea brakti, yaani majani yanayokizunguka kichwa kutokea chini. Cyperus difformis huwa na mbili au tatu, mara chache nne, zisizolingana urefu. Moja huwa ndefu sana, inaweza kuzidi sentimita 20, na mara nyingi husimama karibu wima kana kwamba ni mwendelezo wa shina, hata mtu anayepita haraka akadhani kichwa kimeota ubavuni.

Juu ya brakti pana vichwa vya mviringo vilivyoshikana sana, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha milimita 5 hadi 15. Vingine vimekaa moja kwa moja juu ya shina bila kikonyo, vikisongamana hadi kuonekana kama donge moja lenye mapindo; vingine vimeinuliwa na vikonyo vya urefu tofauti, mfano wa njiti za mwavuli uliofunguliwa nusu. Mimea iliyodumaa inaweza kuwa na donge moja tu bila vikonyo, na hiyo ndiyo inayosumbua. Usiiache, itafute jirani yake iliyokua vizuri mahali pale pale, uzilinganishe.

Kila kichwa kimeundwa na visuke vingi, kuanzia kumi hivi hadi makumi kadhaa, vinavyochomoza kila upande kutoka kitovu kimoja. Kisuke kimoja kina urefu wa milimita 2 hadi 8 na upana wa milimita moja hivi. Vinapokuwa vichanga rangi yake ni ya kijani iliyopauka. Vikikomaa hupata ule mchanganyiko wa zambarau, kahawia na weupe ambao kwa mbali huonekana kama kijivu chafu. Rangi peke yake si hoja. Jua, umri na upungufu wa maji huibadilisha sana.

Hatua ya tano: lenzi

Hapa ndipo utambuzi unapofungwa, na hapa ndipo picha nyingi za simu zinaposhindwa, kwa kuwa sehemu zenye kuamua zina ukubwa usiozidi milimita moja. Ng'oa kisuke kimoja kilichokomaa, kiweke juu ya karatasi nyeupe, ukipasue kwa ncha ya sindano.

Kisuke kimepangwa magamba madogo katika safu mbili, gamba moja kwa kila ua. Gamba la Cyperus difformis lina urefu wa milimita 0.6 hadi 0.8, na upana wake unakaribia kulingana na urefu, hivyo lina umbo la mviringo lenye ncha butu kabisa, bila mwiba wala mkato. Katikati yake pana mstari wa kijani, mbavuni kuna rangi ya zambarau au kahawia nyekundu, na pembezoni pana ukingo mweupe au uliopauka. Ukiona gamba lenye ncha iliyochongoka au iliyojipinda nje, si huyu.

Tafuta kisuke chenye maua ambayo hayajakauka, uhesabu matawi ya stigma, vile vijinyuzi vinavyochungulia kati ya magamba. Lazima yawe matatu. Stameni, yaani sehemu za kiume za ua, ni moja au mbili tu, nazo ni ngumu kuziona bila subira. Mwisho toa kitunda, ambacho wengi hukiita mbegu: kina pembe tatu, ukubwa wake unakaribia kulingana na gamba lenyewe, na rangi yake ni ya majani makavu inayoelekea njano au kahawia isiyokolea. Stigma tatu na kitunda cha pembe tatu huenda pamoja. Ukipata stigma mbili, kitunda kitakuwa bapa, na utakuwa umeingia katika kundi lingine kabisa.

Zinazofanana nayo

Anayechanganywa nayo mara nyingi zaidi ni Cyperus iria, ambaye pia ni wa mwaka mmoja, pia ana mizizi ya nyuzinyuzi, pia ana shina la pembe tatu, na pia huota katika jaruba hilohilo. Kwa mizizi hutawatenganisha. Hapa kichwa ndicho kinachosema. Visuke vya Cyperus iria havikusanyiki kuwa mpira. Vimepangwa kando ya mhimili mrefu, vikiachana, hivyo tawi zima huonekana refu na lenye nafasi. Rangi yake ni njano ya dhahabu inayoelekea kahawia badala ya zambarau. Gamba lake ni kubwa zaidi, milimita 1 hadi 1.6, lenye mkato mdogo nchani, na kitunda kikikomaa huwa cha kahawia iliyokolea hadi cheusi. Kwa mtu aliyeziona zote mbili pamoja hata mara moja, kosa hili halirudi kirahisi, na ndiyo maana ninashauri uzitafute zote mbili siku ileile.

Jambo moja la fiziolojia linazitenga pia, ingawa halionekani kwa macho. Cyperus iria hutumia njia ya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) iitwayo C4, inayoufaa joto kali na jua la wazi. Cyperus difformis hutumia njia ya C3, kama mpunga wenyewe.

Fimbristylis littoralis huonekana kutoka mbali kuwa tofauti, ila ikiwa changa huwapoteza wengi. Itazame kitakoni: majani yake yamebanwa pande mbili na kupangika bapa kama feni iliyofunguliwa. Visuke vyake ni vidonge vidogo vya kahawia, kila kimoja peke yake juu ya kijikonyo chembamba, na magamba yamezunguka kisuke kwa mzunguko badala ya kukaa safu mbili.

Cyperus haspan nayo hupenda maji na ina visuke vyenye wekundu, lakini hivyo hukaa vichache vichache kwenye ncha za vikonyo, aghalabu vitatu hadi sita, vikitawanyika kama vidole, hakuna mpira. Majani yake mara nyingi yamepungua hadi kubaki ala tupu.

Ndago za kundi la Kyllinga huwa na kichwa kimoja cha kijani au cheupe juu ya shina, zina stigma mbili, na kisuke chao hudondoka kizima, ilhali kwa Cyperus difformis magamba huanguka moja moja kuanzia chini na kuacha kijiti kilicho uchi. Zile za kundi la Pycreus zina visuke vilivyobanwa sana, stigma mbili pia, na kitunda kilicho bapa. Cyperus squarrosus, kijimea cha sentimita chache kinachoota kwenye mchanga uliolowa na katika vijishimo vya miamba, hujitambulisha kwa ncha za magamba zilizojipinda kuelekea nje na kwa harufu ya viungo inayotoka kikikaushwa; huyo hakuna sababu ya kumkosea ukishika lenzi.

Kusoma mahali inapoota

Makazi ya ndago hii yanaelezwa na mambo matatu yanayokutana: maji yanayokuja na kuondoka, mwanga usiozuiwa, na tope laini lililovurugwa. Mbegu zake ni ndogo mno, hazina akiba ya kuziwezesha kuchipua kutoka chini sana, kwa hiyo huota pale tu zinapokuwa juu ya udongo uliolowa na kupata mwanga. Maji yakituama juu yake mapema na kwa kina cha kutosha, machipukizi hupungua sana. Udongo ukikauka kabisa, hayatokei. Kati ya hali hizo mbili ndimo inamostawi, na mkulima wa mpunga, bila kukusudia, huiandalia hali hiyo kila msimu.

Kabla ya kilimo cha mpunga, hali hiyo ilitengenezwa na mito. Bonde la Kilombero, ambalo uwanda wake wa mafuriko uliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu, hufurika kila mwaka na kisha kuacha tambarare za tope tupu kando ya mito na madimbwi. Mimea ya mwaka mmoja iliyozoea kuwahi tope hilo kabla nyasi ndefu hazijalifunika huweza kumaliza mzunguko wake wa maisha, tangu kuchipua hadi kudondosha mbegu, kwa takribani mwezi mmoja ikiwa joto linatosha. Jaruba lililovurugwa na kusawazishwa ni tambarare ya tope ya aina hiyohiyo, ila linapatikana kila mara, nalo limerutubishwa kwa mbolea. Kwa sababu hiyo, kuiita mvamizi katika shamba la Kilombero au Mwea si sahihi. Ni mwenyeji aliyepanuliwa uwanja.

Ukiingia katika jaruba, usilitembelee kwa kubahatisha. Anza na sehemu zilizoinuka kidogo, zile visiwa vya tope ambavyo maji hayavifuniki kwa sababu usawazishaji haukukamilika, maana hapo huota kwa wingi kuliko kwingine kote. Nenda kisha kwenye mdomo wa maji, mahali mfereji unapoingilia, kwa kuwa mbegu huelea na kusafiri na maji, na pia hubebwa na tope la miguu, majembe, kwato na magurudumu ya matrekta. Tazama kitalu cha miche, ambako udongo hulowa bila kuzamishwa. Linganisha, ukipata nafasi, jaruba lililomwagwa mbegu moja kwa moja na lile lililopandikizwa: katika la kwanza mpunga na ndago huanza mbio pamoja, katika la pili mpunga umetangulia na maji yanaweza kutuamishwa mapema. Mashamba ya kilimo shadidi, ambamo udongo huachwa unyevu bila kufurikwa muda wote, yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi; mfumo huo hutegemea kipalizi cha kusukuma kupita kati ya mistari mapema, na palipocheleweshwa, vichwa vya mviringo ndivyo vinavyotangulia kuonekana.

Nje ya majaruba, itafute kwenye kingo za mabwawa ya samaki, malambo ya kunyweshea mifugo, mifereji inayopita polepole, madimbwi ya barabarani yanayokauka, na kingo za mito yenye tope. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbugani unaifaa sana, lakini huota pia kwenye udongo mwingine mradi unyevu udumu. Usipoteze muda kivulini, kwenye miteremko mikavu, wala katikati ya maji ya kina. Karibu na mikoko, ambako maji ya chumvi hupanda na kushuka, nisingeanza kuitafuta.

Majirani zake husaidia kuthibitisha mahali, ingawa hawathibitishi mmea wenyewe. Utazikuta mara kwa mara nyasi za Echinochloa, Ammannia zenye mashina mekundu, Ludwigia zenye maua ya njano, Eclipta prostrata yenye vichwa vyeupe, na Marsilea, kile kijimea cha jamii ya madole (kangaga) chenye vipande vinne vya jani vinavyoelea. Ukiona kundi hilo pamoja na huoni Cyperus difformis, rudi baada ya wiki mbili.

Mche ambao haujatoa kichwa

Kwa mche mchanga sitoi ahadi. Unaweza kusema kwa uhakika kwamba ni ndago, kwa safu tatu za majani na ala iliyofungwa. Unaweza kusema kwamba haina kiazi, ikiwa umechimba. Na unaweza kuitenga Fimbristylis kwa ule ubapa wa kitako. Kuitenga na Cyperus iria katika umri huo ni kubahatisha. Chukua miche michache pamoja na tope lake, iweke kwenye ndoo yenye udongo uliolowa juani, usubiri maua. Hakuna haja ya kubuni jina wakati mmea wenyewe utajitaja baada ya majuma machache.

Kuweka kumbukumbu na sampuli

Utambuzi usio na sampuli hauwezi kukaguliwa na mtu mwingine. Chukua mimea miwili au mitatu mizima, pamoja na mizizi iliyooshwa, mmoja ukiwa katika maua na mwingine ukiwa na vitunda vilivyokomaa. Ilaze ndani ya kurasa za gazeti bila kukunja kichwa, na kama mmea ni mrefu kuliko ukurasa, upinde shina kwa umbo la herufi N badala ya kulikata. Panga kurasa kati ya mbao mbili, kaza kwa kamba, ubadilishe karatasi kila siku kwa siku za mwanzo, kwa sababu ndago hii ina maji mengi na huota ukungu haraka katika hali ya hewa ya pwani.

Andika palepale shambani, si jioni: tarehe, kijiji na wilaya au kaunti, viwianishi kutoka kwenye simu, mwinuko, kina cha maji siku hiyo, aina ya udongo, kama mpunga ulimwagwa au ulipandikizwa, urefu wa mmea, rangi ya visuke vikiwa vibichi, wingi wake, na mimea mingine iliyokuwapo. Rangi na kina cha maji ni vitu viwili ambavyo sampuli kavu haitaweza kumwambia mtu yeyote baadaye. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na ukiwa ndani ya hifadhi pata kibali kabla ya kung'oa chochote.

Kwa picha, piga nne: mmea mzima ukiwa umesimama mahali pake, mizizi iliyooshwa ikiwa juu ya karatasi nyeupe, kichwa pamoja na brakti zote, na kisuke kimoja kando ya alama za rula. Programu za simu za kutambua mimea hupewa kwa kawaida picha ya kwanza peke yake, ndiyo maana kwa ndago majibu yake huyumba.

Ikiwa mkulima anatumia dawa ya magugu, andika pia jina lake na kiasi kilichopuliziwa, na uandike kama mimea uliyookota ilikuwa imenusurika upuliziaji. Katika mashamba ya mpunga ya Australia na California, Cyperus difformis isiyokufa kwa dawa ya magugu iitwayo bensulfuron ilianza kuripotiwa miaka ya 1990, na mmea unaoweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu kwa kichaka kimoja hueneza usugu huo upesi. Mimea ya namna hiyo ikusanye na vichwa vyake ndani ya mfuko uliofungwa, usiiache juu ya kingo ambako mbegu zilizokomaa zitapukutika na kurudi jarubani kwa maji ya zamu ijayo.

Nakala moja ya sampuli ipeleke katika hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na lebo kamili. Nyingine ibaki nawe ndani ya bahasha kavu pamoja na visuke vichache vilivyolegea katika kikaratasi kilichokunjwa, ili anayekukagua asilazimike kuvunja kichwa kizima kutafuta gamba moja la milimita 0.7.